Kichuguu, Gunia na Ukuta wa Tofali: Nasaha Juu ya Risasi kwa Wakaao Kibondo na Kasulu

Mara nyingi nimeulizwa, na watu wa Kasulu tukiwa sokoni na watu wa Kibondo tukiwa safarini ndani ya basi, kama ukuta wa nyumba ya kawaida, au mlango wa mninga, au godoro lililoegemezwa dirishani, waweza kumsitiri mtu na risasi ya bunduki. Na aghalabu, kabla sijafungua kinywa, muulizaji amekwisha kujijibu mwenyewe kwa kisa cha jirani yake ambaye risasi ilimfuata hadi mlangoni ikashindwa kupita. Visa vya namna hiyo ni vingi, na sina sababu ya kuvikadhibisha, kwa kuwa risasi hupita na risasi huzuiwa, na kila moja ina sababu yake. Shida ni kwamba asimuliaye ni yule aliyesalimika, na yule ambaye mlango wake haukufaa kitu hana tena ulimi wa kusimulia.

Wala swali lenyewe si la upuuzi katika nchi ya Waha. Tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi na moto ukawaka upande wa pili wa mpaka, na tangu vita vya Kongo vya mwaka 1996 vilivyowavusha watu wa Kivu ya Kusini ziwa Tanganyika na kuwaleta kambi ya Nyarugusu, silaha za vita zilipenya katika milima hii kwa njia zisizohesabika. Waliokimbilia kambi za Mtabila, Kanembwa, Mtendeli na Nduta walikuja wakiikimbia bunduki, nao ndio waliokuwa wa kwanza kuumizwa nayo tena huku. Lakini nyuma yao, na kwa njia zisizokuwa zao, zilikuja bunduki zilizouzwa kwa bei ya mbuzi, zikaangukia mikononi mwa wanyang'anyi wa hapa hapa. Ndiyo maana ikawa desturi, kwa miaka mingi, basi la kwenda Nyakanazi kusindikizwa na askari wenye silaha, na abiria wakazoea kuchagua kiti kwa kukadiria upande ambao risasi ingetokea, elimu ambayo nakiri kwamba nami niliifuata bila kuuliza ilikotoka.

Nitaanza na usiku mmoja wa miaka ya mwisho ya karne iliyopita, kwa sababu usiku huo ulinifundisha mambo ambayo ualimu wangu wa miaka mingi haukunifundisha. Nilikuwa mgeni wa mzee mmoja wa Kiha, mfanyabiashara wa mahindi na maharage, katika kijiji kilicho kando ya njia iendayo Kibondo. Nyumba yake ilikuwa kama nyumba nyingi za huko: kuta za tofali bichi, plasta ya udongo, mabati juu, mlango wa mninga alioupasulia mbao mwenyewe, na upande wa nyuma chumba cha ghala. Yapata saa saba ya usiku wakaja watu wakibisha kwa jina la polisi. Mzee hakufungua. Alimkamata mkewe na wajukuu wawili akawalaza sakafuni, akanipigia kelele, "Mwalimu, lala chini, usiinuke!", nami nikalala, kwa utii ambao sikuwahi kuuona kwa wanafunzi wangu. Zikalia risasi nne. Kisha mbwa, kisha yowe la kijiji kizima, kisha kimya.

Kulipopambazuka tulizunguka nyumba tukisoma matundu kama mtu asomavyo barua. Ya kwanza ilikuwa imepasua bati la upenuni na kwenda zake mbinguni. Ya pili ilitoboa mlango, ikapita katika kochi, ikatoboa ukuta wa ndani uliotenga sebule na chumba cha watoto, ikachimba shimo katika ukuta wa tatu, na hapo ndipo ilipochoka. Ya tatu iliingia moja kwa moja chumba cha mzee kupitia ukuta wa nje, ikapenya godoro la kitanda alichokuwa amekiacha muda usiofika dakika tano. Ya nne iliingia ghalani. Ukuta wa ghala ulikuwa na tundu, gunia la kwanza la mahindi lilikuwa na tundu na punje zikimwagika taratibu kama mchanga wa saa ya kale, lakini gunia la pili, lililopangwa nyuma ya lile, lilikuwa zima kwa upande tuliouona.

Majirani walipokusanyika, wengi wao hawakutazama magunia. Walitazama juu ya kizingiti cha mlango, palipokuwa na kifurushi cha ngozi kilichoshonwa, wakatikisa vichwa kwa kuafikiana kwamba kazi ile ilifanywa na kifurushi.

Kabla sijaendelea, yafaa tujue risasi yenyewe ni kitu gani, maana wengi huiogopa bila kuijua, na wengine huidharau kwa kutoijua vile vile. Bunduki ambayo magazeti na polisi wetu huiita SMG, ile ya Kalashnikov, hutupa risasi yenye uzito wa gramu 8 hivi, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari, kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde, yaani mara mbili ya kasi ya sauti na zaidi. Kwa sababu hiyo mlio unaousikia ni wa risasi iliyokwisha kukupita. Nguvu yake inapotoka mdomoni mwa bunduki ni kama ya gunia la kilo 100 lililoangushwa kutoka kimo cha mita 2, ila nguvu hiyo yote imekusanywa katika ncha ambayo upana wake haufiki milimita 8. Bastola ya kawaida ina robo tu ya nguvu hiyo, na bunduki kubwa za kijeshi za namna ya G3 huizidi kwa zaidi ya nusu yake. Gobore la kienyeji, ambalo halikosekani misituni kwetu, hurusha vipande vya chuma au risasi ya duara kwa kasi ndogo mno. Basi yule aliyeshuhudia ukuta wa tofali bichi ukizuia gobore asidhani kwamba ameshuhudia ukuta ukizuia SMG. Kosa hili nimelisikia mara nyingi zaidi kuliko kosa jingine lolote, na hutoka kwa watu wenye akili timamu, kwa kuwa macho yao hayakuwadanganya. Walichokosea ni bunduki.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Bati la kuezekea, liwe la geji 28 au 30, halifiki nusu milimita kwa unene, na mbele ya risasi ni kama karatasi. Godoro, liwe la sponji au la pamba, ni kama hewa. Na kabati la nguo ni hewa iliyopangwa vizuri. Mlango wa mninga, ijapokuwa ni mti mgumu unaosifiwa toka hapa hadi Dar es Salaam, una unene wa sentimita 4 au 5, ilhali kitabu cha mafunzo cha jeshi la Kisovieti, waliokuwa ndio wenye bunduki hii, kilieleza kuwa risasi yake hupenya sentimita 25 za mbao kavu za msonobari ikipigwa kutoka mita 500. Hata kinu cha kutwangia, ambacho baadhi ya kina mama huniambia wangejificha nyuma yake, kina uwazi katikati, na mti uliobaki kandoni ni mchache. Bamba la chuma la kawaida la milimita 6, analotumia fundi wa mageti, si la kutegemewa kwa karibu. Mlango wa gari ni bati mbili na kioo kati yao. Katika gari zima, kilicho kizito cha kutosha ni injini yenyewe, na kwa kiasi kidogo rimu za magurudumu.

Ukuta wa tofali unahitaji maneno zaidi, maana humo ndimo roho za watu zilimo. Kitabu kile kile cha jeshi kilikadiria kwamba kwa mita 100 risasi hiyo hupenya sentimita 12 hadi 15 za ukuta wa tofali. Wanyang'anyi hawapigi kutoka mita 100. Hupiga kutoka uani. Tofali zetu za kuchoma, zilizofyatuliwa kwa mkono na kuchomwa katika tanuru la kuni, huwa zimeiva vema katikati ya tanuru na hazijaiva pembezoni, na fundi huzijenga zote pamoja bila kubagua. Kwa hiyo ukuta mmoja una mahali pa nguvu na mahali pa udhaifu, wala hakuna ajuaye kwa kutazama plasta. Tofali za saruji za inchi sita zikisimamishwa hutoa ukuta mwembamba, na zikilazwa hutoa ukuta wa inchi tisa, na mafundi hupenda kusimamisha kwa kuwa mwenye nyumba hupenda gharama ndogo. Ikiwa mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali nyingi kupita kiasi, mambo ambayo sote twayajua, risasi ya kwanza huenda ikazuiwa lakini ikapasua tofali, na ya pili ikipiga pale pale hupita katika kifusi. Basi ukiweza kujenga, jenga chumba kimoja tu kwa tofali za kulaza, kile mnamolala watoto na nyinyi, na vyumba vingine visimamishwe. Gharama yake ni afadhali kuliko ya kujizungushia geti la madoido.

Tofali bichi, kwa upande wake, lina fadhila moja ambayo tofali la kuchoma halina, nayo ni kwamba ni udongo. Na udongo ndio sitara ya asili ambayo majeshi yote ya dunia yameikimbilia. Risasi ikiingia katika tofali gumu hulivunja. Ikiingia katika mchanga au udongo mkavu, nguvu yake hugawanywa kwa punje zisizo na idadi, kila punje ikiisukuma nyingine, mpaka safari ikaisha. Nusu mita ya mchanga mkavu uliojazwa magunia na kupangwa kwa kupishanishwa kama tofali ni kinga ya yakini dhidi ya SMG, na hata dhidi ya bunduki iliyo kubwa kuliko hiyo. Nasema mkavu kwa makusudi. Mchanga na udongo ukilowa hupungua uwezo, na mabingwa wa uhandisi wa kijeshi huagiza unene uongezwe maradufu katika majira ya mvua, kwa sababu maji hulainisha punje zikateleza badala ya kusuguana. Nani asiyejua kwamba mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Mei? Ukuta wa magunia uliojaribiwa Agosti si ule ule ifikapo Machi, na mtu aliyeuamini katika kiangazi asiuamini bila kuuongeza.

Na hapa ndipo nikumbukapo maji. Nchi hii iliwahi kujaribu kitu cha nyumbani dhidi ya risasi, tena jaribio kubwa kuliko yote, naye aliyelianzisha alikuwa Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji, mtama na mahindi ilisadikiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, vita ya Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Tarehe 30 mwezi huo huo mashujaa waliliendea boma la Mahenge kifua mbele, na rashasha mbili zikawajibu. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa, kwa vita na kwa njaa iliyoifuata, kuwa 75,000, na wanahistoria huzidisha hesabu hiyo mara tatu na zaidi. Simtaji Kinjekitile kwa kejeli, hasha. Aliunganisha kabila na kabila katika zama ambazo hakuna mwingine aliyeweza. Lakini ajabu ni kwamba maji, kwa hakika, huzuia risasi: risasi ya bunduki ikipigwa ndani ya maji hupungukiwa na nguvu ya kuua kabla ya kutimiza mita moja. Wazee hawakukosea kitu; walikosea kiasi. Ndiyo kusema hata pipa la lita 200 lililojaa, ambalo upana wake unapita kidogo nusu mita, si kinga kamili peke yake, na mawili yakipangwa moja nyuma ya jingine hufaa zaidi, mradi ukumbuke kwamba kila tundu ni bomba, na baada ya risasi chache kinachobaki ni pipa tupu.

Imani ile haikuzikwa Mahenge. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena wa Uganda walijipaka mafuta wakitumaini kinga, wakafika hadi karibu na Jinja kabla ya kuvunjwa; na ng'ambo ya ziwa letu, wapiganaji wa Mai-Mai wa Kivu wameyachukua maji hata katika jina lao. Waganga wauzao kinga ya risasi wapo mpaka leo, wengine si mbali na barabara yetu, na hila yao ni moja: dawa haishindwi kamwe, ila mteja ndiye aliyevunja mwiko. Dawa ya namna hiyo haiwezi kujaribiwa, maana kila jibu limekwisha kuandaliwa. Vijana waliotaka kuihakikisha kwa kumpiga risasi mwenzao, wenyewe kwa wenyewe, walijikuta wakijibu shitaka la kuua.

Vipi basi kuhusu majaribio ya kweli, ya mtu mwenye bunduki halali anayetaka kujua ukuta wake? Nasaha yangu ni kwamba asifanye, na sababu zangu si za uoga. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mwenye leseni ruhusa ya kupiga risasi kijijini kwa udadisi; risasi ya SMG iliyokosa shabaha yaweza kusafiri hadi kilomita 3; na iliyopiga jiwe au chuma kwa mshazari huruka kwenda pasipotarajiwa, mara nyingine kumrudia aliyeipiga. Fauka ya hayo, jaribio la risasi moja halina maana. Wamarekani, katika kanuni za taasisi yao ya NIJ za kupima mabamba ya kujikingia bunduki, walitaka bamba lipigwe risasi sita kwa kasi ya mita 847 kwa sekunde, likiwa limeegemezwa udongo wa mfinyanzi, na hata kama hakuna iliyopita, shimo lililobonyea katika udongo ule lisizidi milimita 44, maana kifua cha mtu huvunjwa na kishindo bila kutobolewa. Nawe ukipiga risasi moja katika ukuta wako na kuona imenasa, umejifunza habari za tofali moja, siku moja, kwa umbali mmoja, na umejipatia ghururi ya kudumu. Vesti laini wanazovaa baadhi ya walinzi ni mfano wa ghururi hiyo hiyo: zilitengenezwa kwa bastola, na bunduki huzipita.

Lililo bora ni kutumia vilivyojaribiwa na wengine na ambavyo vipo uani kwetu tayari. Kichuguu, mathalan. Katika mapori ya miombo kutoka Kasulu hadi Kibondo vipo vichuguu vyenye kimo cha kumzidi mtu na upana wa chumba kizima, udongo uliokandwa na mchwa ukakauka kama saruji. Mtu aliyelala nyuma yake yu salama kuliko aliye ndani ya nyumba nyingi za mjini. Tanuru la tofali lisilobomolewa, lenye unene wa mita mbili, ni ngome. Lundo la mchanga wa ujenzi, mtaro wa barabara, mteremko wa shamba, vyote hufaa. Migomba haifai, japo huonekana minene. Shina lake ni maji na nyuzi, na unene wake ni mdogo mno.

Na ikiwa yamekukuta ndani, lala. Hilo ni la kwanza na ni la lazima, kwa kuwa watu hupiga kwa usawa wa kifua chao, na aliyelala amejiondoa katika njia ya risasi nyingi kabla hata ya kuufikiria ukuta. Kisha ambaa sakafuni kuelekea mahali ambapo kati yako na barabara pana kuta mbili au tatu, si moja, mbali na mstari wa mlango na dirisha. Usichungulie kwa sababu kumekuwa kimya. Watoto wafundishwe mchana, kama mchezo, kwamba neno fulani likitajwa wote hushuka vitandani. Fadhaa ya usiku haifundishi mtu. Na aliyejeruhiwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa kwa uzito wako wote bila kuachia, na kama ni mkono au mguu na damu yaruka, funga kwa nguvu juu ya jeraha, ukumbuke saa uliyofunga, umpeleke hospitali. Fomu ya polisi ya PF3 ifuate nyuma yake, isimtangulie.

Yule mzee mwenyeji wangu hakubishana na majirani juu ya kifurushi. Aliwakaribisha uji, akakiacha pale kilipo kwa heshima ya mkewe aliyekishona. Lakini kiangazi kilichofuata niliporudi kumsalimu, nilimkuta amebadilisha nyumba. Ghala lililokuwa nyuma lilikuwa sasa mbele, upande wa njia, na kitanda chake kilihamia mahali palipokuwa ghala, hivi kwamba kati ya barabara na mto wake wa kulalia palikuwa na ukuta, safu tatu za magunia ya mahindi na maharage, na ukuta mwingine. Nikamuuliza itakuwaje mwezi Februari, mahindi yakiisha. Alicheka, akanionyesha pembeni magunia matupu yaliyokunjwa vizuri na lundo la mchanga lililofunikwa turubai. Kisha akaingia ndani akaniletea kitu kidogo cheusi, kilichopinda ncha, ambacho mtu wa mashine ya kusaga alikikuta alipolimimina lile gunia la pili, akakilalamikia kwa kuwa kingemharibia mashine.

"Alitaka nimlipe, Mwalimu," akasema, "kabla sijamwambia kimetoka wapi."